Mtoto Aliyeshindikana na Mlango Uliofungwa



Nimekuja kuzungumza juu ya watoto walioshindikana. Kila mtaa unao. Ni yule aliyeacha shule akiwa kidato cha pili, anayerudi usiku wa manane akinuka bangi, aliyeuza simu ya mama yake, au yule anayejikata mikono kwa wembe na haambii mtu kinachomuuma. Wazazi wamekanya, wameomba, wamechapa, wamempeleka kwa shehe na kwa mchungaji. Mwisho wanauliza: hivi hakuna mahali pa kumpeleka?

Marekani mahali hapo papo, na ni biashara kubwa. Kuna kambi za nyikani, shule za bweni zinazojiita za tiba, nyumba za kidini za kurekebisha tabia, na vituo vya afya ya akili ambamo kijana hukaa miezi, pengine miaka. Kwa zaidi ya miaka 50 Wamarekani wamebishana: serikali ivisimamie vituo hivi au iwaachie wazazi na wenye vituo? Na ikivisimamia, kwa kiasi gani? Nitawasimulia mabishano hayo. Hukumu yangu naitanguliza, msije mkasema nimewazungusha: usimamizi usiomwezesha mtoto kusikika nje ya ukuta, angali yumo ndani, ni karatasi tu. Leseni, vyeti na ada ni mambo ya kufuata baada ya hilo.

Chimbuko la mambo

Mwaka 1958 mtu mmoja aitwaye Charles Dederich, mlevi aliyeacha pombe kwa msaada wa chama cha Alcoholics Anonymous, alianzisha jumuiya ya waraibu huko Santa Monica, California. Akaiita Synanon. Katika chama alikotoka, mraibu husimama kwa hiari yake akaeleza udhaifu wake, na wenzake humsikiliza kimya. Dederich aliupindua utaratibu huo. Kwake, mtu aliketi kati ya wenzake, nao wakamrushia matusi na kejeli mpaka akavunjika. Walikiita kikao hicho Mchezo. Hoja yao ilikuwa kwamba mraibu ni mwongo kwa tabia, na uongo wake hauponi mpaka nafsi yake ibomolewe kwanza.

Synanon iliishia pabaya. Mwaka 1978 wafuasi wake walimtia nyoka mwenye sumu ndani ya sanduku la barua la wakili aliyekuwa akiwashitaki, baada ya kumkata njuga za mkiani ili asilie. Wakili aling'atwa, akapona. Dederich alifikishwa mahakamani na hakuyapinga mashitaka.

Lakini fikra yake ilikuwa imekwisha kusambaa, na tayari ilikuwa imeshuka kwa watoto. Programu ya vijana iitwayo CEDU ilifunguliwa California mwaka 1967. Florida ikapata The Seed mwaka 1970, iliyopokea hadi fedha za serikali kuu. Mwaka 1974 kamati ndogo ya Seneti chini ya Seneta Sam Ervin ilichunguza programu za aina hiyo, na katika ripoti yake ikazifananisha mbinu za The Seed na zile za kutia watu kasumba zilizotumiwa na Wakorea Kaskazini. Mngedhani mambo yangeishia hapo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, ikaanzishwa Straight, Incorporated, kwa mtindo uleule, nayo ikaendelea hadi 1993. Mwaka 1985 Nancy Reagan, mke wa Rais, aliitembelea akiwa na Diana wa Uingereza. Wageni wa heshima walipokewa, picha zikapigwa. Nani angemwamini mtoto aliyesema kuwa usiku mambo ni mengine?

Yanayotendeka ndani

Sasa tuingie ndani. Safari ya wengi huanza kabla ya alfajiri. Watu wawili wenye miraba minne huingia chumbani kwa kijana, humwamsha, humwambia avae viatu. Hajui majina yao, hajui aendako. Anaita, mama! Mama yuko ukumbini, analia, lakini haingii, kwa kuwa ndiye aliyewalipa. Katika baadhi ya majimbo kazi hii ya kusafirisha watoto imekuwa ikifanyika bila leseni yoyote.

Akifika, huvuliwa, hupekuliwa, na huwekwa daraja la chini kabisa. Programu nyingi huendeshwa kwa madaraja na alama. Mgeni wa daraja la kwanza huenda haruhusiwi kusema na wenzake, kutazama nje ya dirisha, wala kwenda chooni bila kusindikizwa. Simu ya nyumbani huwa ni zawadi ya daraja la juu, na hata akiipata, mhudumu huketi pembeni akisikiliza. Barua husomwa kabla ya kutumwa.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo kitovu cha habari hii yote. Mzazi huandaliwa mapema. Huambiwa: mwanao atakuandikia kwamba anapigwa, kwamba ana njaa, kwamba amefungiwa. Usimwamini. Hizo ni hila za kukufanya umtoe. Ukimtoa, utakuwa umemuua. Maneno hayo yakishakaa kichwani mwa mzazi, malalamiko ya mtoto hayana tena kazi ya kumwonya mtu. Yamegeuka dalili za ugonjwa. Kadiri anavyolia, ndivyo anavyothibitisha kwamba bado hajapona.

Machi 1994, katika nyika ya Utah, mvulana wa miaka 16 kutoka Arizona alikuwa katika kambi ya kutembea kwa miguu. Alinyimwa chakula kama adhabu, akanyang'anywa blanketi na begi la kulalia katika usiku wa baridi kali. Alisema tumbo linamuuma. Wahudumu walisema anajifanya. Alikonda, akashindwa kusimama sawasawa, akashindwa kujizuia haja, nao wakaendelea kusema anajifanya. Alikuwa na vidonda vya tumbo vilivyotoboka, na maambukizi yakamuua. Shajara yake ilibaki. Humo ameandika njaa yake na baridi yake siku baada ya siku, kwa mwandiko wa mtoto aliyekuwa akitumaini kwamba siku moja atasomwa.

Kisa hicho kimo miongoni mwa vifo 10 vilivyochunguzwa na Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani, chombo kinacholifanyia Bunge lao kazi inayofanana na ya CAG wetu, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti iliwasilishwa Oktoba 2007 mbele ya kamati ya Mbunge George Miller. Vifo hivyo vilitokea kati ya 1990 na 2004. Ofisi hiyo ilieleza pia kuwa katika mwaka 2005 pekee, majimbo 33 yaliripoti wafanyakazi 1,619 waliohusika na matukio ya unyanyasaji katika vituo vya makazi. Ukisoma kisa kimoja baada ya kingine unakutana na sentensi ileile: walidhani anajifanya.

Hoja za upande wa pili

Haki inanitaka niwape nafasi wanaopinga sheria kali, na wasemaji wao wakuu ni wazazi. Wapo akina mama Marekani wanaosema mbele ya kamati za bunge: bila kituo kile ningekuwa nimemzika mwanangu. Siwezi kuwaita waongo. Anayeishi na kijana aliyejaribu kujiua mara mbili haombi nadharia, anaomba kitanda cha hospitali, na vitanda hivyo ni haba. Mlolongo wa kumwona daktari wa akili wa watoto unaweza kuchukua miezi. Bima hukataa kulipa. Katika hali hiyo, anayesema "mlete leo usiku, tutampokea" anaonekana kama malaika.

Wenye vituo wana hoja zao. Tangu 1999 wengi wamejiunga katika chama chao, NATSAP, chenye kanuni za maadili, na husema wanaweza kujisimamia wenyewe. Wanaonya kwamba masharti yakizidi, vituo vizuri vitafungwa pamoja na vibaya, na watoto wataishia mahabusu au kwenye viti vya chumba cha dharura. Wengine husimamia dini: serikali isije ikaingia kanisani kumfundisha mchungaji namna ya kulea.

Nyuma ya hoja zote hizo kuna imani moja ya kale, ambayo na sisi tunayo. Tunasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Malezi yana ukali wake, na mzazi anayeogopa machozi ya mtoto atalia mwenyewe baadaye. Nakubali. Ila mzazi wa methali hiyo yuko palepale, anamwona mwanawe akilia, na anajua mahali pa kuacha. Mzazi aliyesaini mkataba akiwa umbali wa kilomita 3,000 haoni wala hajui. Amempa mgeni fimbo, kisha akaziba masikio.

Na ushahidi kuhusu ukali wenyewe haupo upande wao. Mwaka 2004 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipitia tafiti za kuzuia ukatili wa vijana. Lilihitimisha kuwa programu za kutisha na kukomesha, zikiwemo kambi za kijeshi za vijana, hazifanyi kazi, na zinaweza kuongeza tatizo. Huduma zinazomtibu kijana pamoja na familia yake, akiwa nyumbani au karibu na nyumbani, zilionyesha matokeo bora.

Sheria ilivyopita na kupitwa

Kwa nini basi nchi yenye mawakili wengi kiasi kile ilishindwa kuliweka jambo hili sawa? Sababu ya kwanza ni haki ya mzazi. Mwaka 1979, katika shauri la Parham dhidi ya J.R. lililotoka jimbo la Georgia, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mzazi anaweza kumlaza mtoto hospitali ya akili bila shauri kusikilizwa mahakamani, mradi mtu asiyeegemea upande wowote, kama vile daktari, apime kama kweli anahitaji. Vituo binafsi visivyo hospitali mara nyingi havikuwa hata na huyo daktari mlangoni.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa madaraka. Kutoa leseni ni kazi ya majimbo, na kila jimbo lina lake. Missouri ilivisamehe leseni vituo vya kidini tangu 1982, na vikamiminika huko. Sheria ilibadilishwa 2021, baada ya wasichana na wavulana waliopitia nyumba hizo kujitokeza wakiwa watu wazima na kusema yaliyowapata. Montana ilikuwa na bodi ya usimamizi ambamo wenye vituo wenyewe walikuwa wajumbe, hadi kazi hiyo ilipohamishiwa idara ya afya mwaka 2019. Fisi alikabidhiwa bucha, kisha watu wakashangaa nyama inakwenda wapi.

Sababu ya tatu ni kuhama. Mtandao mmoja uliokuwa na makao Utah, uitwao WWASP, ulikuwa na vituo Jamaica, Mexico, Samoa, Costa Rica na hata Jamhuri ya Czech. Mei 2003 maofisa wa Costa Rica waliingia katika kituo chake kilichoitwa Dundee Ranch wakawaambia watoto jambo dogo tu: kwamba kwa sheria za nchi ile wana haki, na hawawezi kushikiliwa kwa nguvu. Utaratibu wote wa kituo ulivunjika siku ileile. Wengine walikimbia, wengine wakagoma, na kituo kikafungwa. Hapakuwa na bomu wala bunduki. Mtu wa nje alisema na watoto bila mhudumu kukaa kati yao, basi.

Bunge la Marekani nalo lilijaribu. Baada ya ripoti ya 2007, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa viwango vya kitaifa mwaka 2008, na tena 2009. Mara zote mbili ulifia Seneti.

Watoto wasio na wa kuwalilia

Msidhani hili ni suala la watoto wa matajiri pekee. Katika vituo hivi wamo pia watoto wengi walioondolewa kwa wazazi wao na idara za ustawi wa jamii. Gharama zao hulipwa kwa kodi, nyingi kupitia Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini. Kituo hulipwa kwa siku, kwa kila kitanda chenye mtu. Baadhi ya makampuni yanayoviendesha, kama Universal Health Services na Acadia Healthcare, hisa zake zinauzwa sokoni.

Aprili 2020, huko Kalamazoo, Michigan, kijana mweusi wa miaka 16 aliyekuwa chini ya ulezi wa jimbo alirusha kipande cha mkate wakati wa chakula cha mchana. Wafanyakazi kadhaa walimwangusha na kumlalia. Moyo ulisimama, na siku mbili baadaye, Mei mosi, akafariki. Kituo kilikuwa na leseni.

Oregon ilikuwa imewapeleka watoto wake wengi katika vituo vya majimbo mengine. Seneta wa jimbo, Sara Gelser, alianza kuuliza maswali na kufuatilia walipo. Kufikia katikati ya 2020 wote walikuwa wamerudishwa. Hakusubiri ripoti ya kituo. Alikwenda kuwaona watoto.

Juni 2024 Kamati ya Fedha ya Seneti chini ya Ron Wyden ilitoa ripoti kuhusu makampuni manne makubwa ya aina hiyo, ikaviita vituo vyao maghala ya utelekezaji. Ilieleza kwamba madhara kwa watoto hayakuwa ajali za hapa na pale, kwa kuwa mfumo wenyewe hupata faida kwa kujaza vitanda na kupunguza wafanyakazi.

Sheria mbili za kupima

Mwaka 2020 Paris Hilton, tajiri na mtu maarufu, alieleza katika filamu juu ya maisha yake kwamba alipokuwa msichana alikaa miezi 11 katika shule moja ya Utah. Alisema alipewa dawa asizozijua, alifungiwa peke yake, na alitazamwa akioga. Februari 2021 alitoa ushahidi mbele ya wabunge wa jimbo hilo, na mwezi uliofuata gavana akasaini sheria. Sheria hiyo inataka ukaguzi mara nne kwa mwaka, inabana matumizi ya dawa za kutuliza na vifaa vya kuwafunga watoto, inataka kila tukio la kumshika mtoto kwa nguvu au kumfungia liripotiwe haraka, na inampa mtoto mawasiliano ya faragha na familia kila wiki. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote.

Sheria ya pili ni ya taifa zima. Desemba 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 373 dhidi ya 33 sheria ya kukomesha unyanyasaji wa watoto katika taasisi, na Rais Biden akaisaini mwezi huohuo. Jina lake ni kubwa kuliko mwili wake. Inaagiza wanazuoni wa taasisi ya taifa ya sayansi wachunguze vituo hivi na kutoa taarifa kila baada ya miaka miwili kwa muda wa miaka 10. Haitoi leseni, haimpi mtoto simu, haimfungulii mtu mlango. Ni heri kuliko kutokuwa na kitu, kwa kuwa serikali haikuwa na hesabu kamili hata ya watoto waliomo. Lakini kuhesabu watoto si kuwalinda.

Na kama bado kuna anayeamini kwamba leseni inatosha, asikilize hili. Februari 2024 mvulana wa miaka 12 kutoka New York alipelekwa kwenye kambi ya nyikani huko North Carolina, iliyokuwa na leseni ya jimbo. Usiku wake wa kwanza alilazwa ndani ya kifuko chembamba chenye king'ora kwenye zipu, ili akijaribu kutoka wahudumu wazinduke. Asubuhi alikutwa amekufa. Uchunguzi ulisema alikosa hewa. Tazameni kifaa chenyewe: king'ora kilitegwa kumsikia mtoto anayetoroka. Cha kumsikia mtoto anayekosa hewa hakikuwapo. Mwezi Mei leseni ikafutwa.

Kwetu je?

Nimesema Synanon ilitoka ubavuni mwa Alcoholics Anonymous. Nyumba zetu za upataji nafuu, ambazo mitaani tunaziita soba, za Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam, nazo zinatumia hatua 12 za kuacha uraibu, za ukoo huohuo. Nyingi zimeokoa watu, tena kwa fedha kidogo na kwa moyo mkubwa wa waliowahi kutumia dawa za kulevya wenyewe. Tanzania tuna Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Kenya wana NACADA, na vyombo hivyo vinahusika na kuvitambua na kuvikagua vituo hivi. Ndugu zetu walioko Marekani nao, wakizidiwa na watoto, husikia matangazo yaleyale ya kambi na shule za bweni. Kwa hiyo haya si ya watu wa mbali.

Ninayoomba ni manne, na hayahitaji bajeti ya kutisha. Mosi, kila mtoto aliye ndani ya kituo apige simu nyumbani kila wiki bila mtu kumsikiliza, na simu hiyo isiwe zawadi inayoweza kunyang'anywa. Pili, mkaguzi aje kwa kushtukiza, usiku pia, na azungumze na watoto peke yao. Tatu, kumshika mtoto kwa nguvu, kumfunga au kumfungia peke yake kuripotiwe nje ya kituo siku ileile. Nne, mtoto anayesema anaumwa aonwe na tabibu asiyelipwa na kituo.

Mwenye kituo mwema hana cha kupoteza katika hayo manne. Anayeyapinga atueleze anaogopa mtoto atasema nini.

Nanyi wazazi, kabla hamjasaini, ulizeni maswali matatu. Naweza kuja siku yoyote bila taarifa? Nitaongea na mwanangu tukiwa wawili tu? Akisema anapigwa, mtafanya nini? Jibu la swali la tatu likiwa ni "usimwamini", shikeni mkono wa mwanenu mrudi naye nyumbani.